Kutoka Mbeba Fimbo hadi Mwalimu: Maisha ya Kazi ya John Shippen Katika Gofu, Yakisomwa Sambamba na Historia ya Kazi ya Njombe na Makambako

Utangulizi

Historia ya kazi katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya miili: wangapi waliondoka, walikwenda wapi, walilipwa nini, wangapi walirudi. Kwa Njombe mwelekeo huo unaeleweka. Katika utawala wa Waingereza wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotegemewa kutoa vibarua wa mkataba kwa mashamba ya mkonge ya Tanga, na baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, mwaka 1944, safari hiyo ndefu ya kutoka kwenye baridi ya Ubena hadi joto la pwani ikawekewa utaratibu wa vituo, malori na orodha. Wafanyakazi hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba. Iliffe (1979) anawaweka katika picha pana ya koloni lililogawanywa kati ya maeneo ya uzalishaji na maeneo ya kutoa nguvukazi, na Njombe imo katika kundi la pili.

Hata hivyo, wilaya hiyo haikubaki kuwa chemchemi ya vibarua wa kwenda mbali tu. Mwaka 1949 ilianzishwa Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, ikiwa na mtaji wa Shirika la Maendeleo la Makoloni la Uingereza, na mashamba ya miwati yakaenea katika vilima vinavyouzunguka mji wa Njombe na Kibena. Kaskazini zaidi, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya, Makambako ikakua na hatimaye ikapata kituo cha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Katika sehemu zote hizo, Tanga, Kibena na Makambako, mwanahistoria anakutana na swali moja ambalo takwimu za nguvukazi hazilijibu: ni lini, na kwa njia gani, mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya mikono yake huanza kulipwa kwa ajili ya kile anachokijua na anachoweza kumfundisha mwingine?

Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kupitia mchezo ambao kwa mara ya kwanza unaweza kuonekana mgeni kabisa kwa mada, yaani gofu. Mhusika wake ni John Shippen, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Washington mwaka 1879, akaanza kama kijana wa kubeba fimbo za wachezaji, akashindana katika mashindano makubwa kuliko yote ya nchi yake akiwa na umri wa miaka 16, kisha akaishi kwa kufundisha hadi uzeeni. Hoja inayotetewa ni kwamba maelezo ya kawaida kuhusu watu wa aina yake, kwamba walikuwa wachezaji wa kulipwa “waliogeuka” kuwa walimu, yanapotosha mpangilio wa mambo. Shippen alifundisha kabla ya kushindana. Kilichobadilika katika maisha yake hakikuwa ujuzi wake, bali ni nani alikuwa na uwanja na ni nani alikuwa tayari kumfungulia mlango.

Fundi na mwanafunzi

Kiswahili kina msaada hapa kuliko lugha ambayo mchezo huu ulizaliwa nayo. Fundi, mwanafunzi, mafunzo na kufundisha ni maneno ya mzizi mmoja, ule wa kitenzi funda. Mtu anayejua kazi na mtu anayeifundisha hawakutenganishwa katika msamiati. Anayeitwa fundi anatarajiwa kuwa na kijana pembeni yake anayeshika vifaa na kutazama. Ndivyo gofu ya kulipwa ilivyokuwa huko Uskoti katika karne ya 19. Allan Robertson wa St Andrews alikuwa mchezaji hodari wa zama zake, lakini mkate wake ulitokana na kutengeneza mipira ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya, na Tom Morris, atakayekuja kuitwa Tom Mzee, alikuwa mwanagenzi katika karakana yake. Mchezaji wa kulipwa wa wakati huo alitengeneza fimbo, alitunza nyasi, alibeba mizigo ya mabwana, aliwafundisha, na mara mojamoja alicheza kwa dau lililowekwa na watu wengine. Chama cha kwanza cha watu hawa kiliundwa Uingereza mwaka 1901, na J. H. Taylor alikuwa miongoni mwa waasisi wake wakuu. Kilikuwa chama cha watumishi wa klabu.

Mchezaji anayeishi kwa kushindana peke yake ni kiumbe wa baadaye. Kwa kawaida Mmarekani Walter Hagen hutajwa kuwa wa kwanza kuishi hivyo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa sababu hiyo, kumpima Shippen kwa kigezo cha mataji ni kumpima kwa ratili ya soko la kizazi kingine.

Vilima vya Shinnecock

Baba yake Shippen alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alitumwa kuhudumu katika hifadhi ya Wahindi Wekundu wa Shinnecock, karibu na Southampton katika kisiwa cha Long Island, na familia ikahamia huko. Ardhi iliyowazunguka ilikuwa na historia ambayo msomaji wa historia ya Njombe hahitaji kuelezwa mara mbili. Hadi 1859 Washinnecock walikuwa na haki ya matumizi ya vilima hivyo kwa mkataba wa muda mrefu uliowekwa mwaka 1703. Mwaka huo 1859 bunge la jimbo la New York liliuvunja mkataba huo kwa ombi ambalo uhalali wake unabishaniwa hadi leo, na wenyeji wakabaki na rasi ndogo. Reli ikafika Southampton mwaka 1870. Reli ilileta matajiri wa New York wakati wa kiangazi, na matajiri wakataka mahali pa kuchezea.

Klabu ya Gofu ya Shinnecock Hills ilianzishwa mwaka 1891. Mashimo yake 12 ya kwanza yalipimwa na Willie Davis, mtaalamu aliyeitwa kutoka Montreal, na waliofyeka vichaka, kusawazisha udongo na kuotesha nyasi walikuwa wanaume wa Shinnecock walioajiriwa kwa ujira. Walikuwa vibarua juu ya ardhi ya babu zao. Hapa ndipo ulinganisho na Kibena unapopata uzito wake: mashamba ya miwati nayo yaliwaajiri watu wa jirani kupanda mti wa kigeni katika vilima vilivyokuwa malisho na mashamba ya Wabena. Tofauti ipo pia, wala isifichwe. Miwati ilizalisha magome ya kuuzwa ng’ambo, na kibarua aliyejua kuyabandua vizuri alibaki kuwa mbandua magome. Uwanja wa gofu ulizalisha mchezo, na mchezo hauwezi kutumiwa na mnunuzi asiyeufahamu. Mabwana wa Southampton walikuwa na uwanja lakini hawakujua kupiga mpira. Pengo hilo dogo ndilo lililompa kijana Shippen kazi.

Uwanja ulihitaji wabeba fimbo, nao vijana wa hifadhi, pamoja na mtoto wa mchungaji, wakafunzwa kazi hiyo. Mskoti Willie Dunn, aliyefika baada ya Davis na kuupanua uwanja kufikia mashimo 18 mwaka 1895, alimwona Shippen kuwa na mkono mwepesi. Akamfanya msaidizi wake. Kabla ya kutimiza miaka 17 Shippen alikuwa anarekebisha fimbo, anahesabu alama katika mashindano ya klabu na kuwafundisha wanachama waliokuwa wanaanza kucheza. Tajiri mzima wa New York alisimama juu ya nyasi akiagizwa na kijana Mweusi mahali pa kuweka miguu. Hali hiyo haikuleta kelele yoyote. Kelele ilikuja alipotaka kushindana.

Tarehe 18 Julai 1896

Mashindano ya pili ya wazi ya Marekani yalichezwa Shinnecock Hills kwa siku moja, raundi mbili za mashimo 18, katika uwanja wa yadi 4,423 ambao kwa vipimo vya leo ni mfupi mno. Baadhi ya wanachama walimhimiza Shippen ajiandikishe pamoja na Oscar Bunn, kijana wa Kishinnecock. Wachezaji wa kulipwa kutoka Uingereza na Uskoti walipoona majina hayo walitishia kujitoa. Rais wa chama cha gofu cha Marekani, Theodore Havemeyer, tajiri wa sukari, aliwajibu kwamba mashindano yatafanyika hata kama watakaobaki ni vijana hao wawili peke yao. Wakabaki wote.

Jibu hilo limemfanya Havemeyer kuwa shujaa katika masimulizi mengi. Lakini yapo pia masimulizi kwamba aliwatuliza wapinzani kwa kumtaja Shippen kuwa nusu Mhindi Mwekundu, dai ambalo binti yake Shippen alilikanusha kwa nguvu miongo mingi baadaye, akisisitiza kwamba wazazi wa baba yake wote walikuwa Weusi. Sinnette (1998), katika utafiti wake juu ya Wamarekani Weusi na gofu, anaonyesha jinsi nyaraka za mchezo huo zilivyowasahau watu hawa kwa muda mrefu. Dai la unusu ni sehemu ya usahaulifu huohuo. Kama lilitamkwa, basi mlango ulifunguliwa kwa sharti kwamba anayeingia asiwe yule aliye. Uzito wa kauli ya Havemeyer hauwezi kukadiriwa bila kuuliza swali hilo, na watetezi wake wachache wameliuliza.

Raundi ya kwanza Shippen alimaliza kwa mikwaju 78, sawasawa na James Foulis, Mskoti aliyekuja kutwaa ubingwa. Katika raundi ya pili alikwenda vizuri hadi shimo la 13. Hapo mpira wake uliangukia kwenye barabara ya mchanga, na kila alipoupiga ulijongea kidogo tu ndani ya mchanga uleule. Alitumia mikwaju 11. Akamaliza raundi kwa 81, jumla 159, nafasi ya sita pamoja na mchezaji mwingine; Foulis alishinda kwa 152. Tofauti yao ilikuwa mikwaju saba, na shimo la 13 lilikuwa la kawaida ambalo mchezaji wa kiwango chake angelimaliza kwa minne. Hesabu hiyo Shippen aliikumbuka maisha yake yote. Katika uzee wake alisema kwamba alitamani mara nyingi mno apewe nafasi ya kulicheza tena shimo lile.

Foulis alipata dola 150. Shippen alipata dola 10, na kwa dola hizo akaingia katika kumbukumbu kama Mmarekani wa kwanza Mweusi kulipwa kwa kushindana katika gofu.

Mlango wa jengo la klabu

Aliendelea kushindana kwa vipindi. Mwaka 1902 alimaliza katika nafasi ya tano kwa kufungana, na mara yake ya mwisho katika mashindano ya wazi ilikuwa 1913, huko Brookline. Mashindano hayo ya 1913 yanafahamika kwa sababu nyingine: yalishindwa na Francis Ouimet, kijana wa ridhaa mwenye miaka 20 aliyekuwa amekulia upande wa pili wa barabara na kubeba fimbo katika uwanja uleule. Ushindi wake ulishangiliwa nchi nzima na ukawa hadithi ya mbeba fimbo aliyewashinda mabingwa wa Uingereza. Miaka 17 kabla yake mbeba fimbo mwingine alikuwa amelikaribia taji hilo kwa umbali wa barabara moja ya mchanga, naye hakuna aliyemkumbuka siku hiyo ingawa alikuwa uwanjani.

Maisha yake ya kila siku yalikuwa ya ualimu. Alihudumu katika klabu za wenye fedha, zikiwemo Aronimink ya Pennsylvania na Maidstone ya East Hampton, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mfalme wa chuma cha pua Henry Clay Frick. Ualimu wa aina hii ulikuwa kazi ya heshima yenye mpaka. Hata wachezaji Weupe wa kulipwa hawakuruhusiwa kuingia katika majengo ya klabu nyingi; katika mashindano ya wazi ya 1920 klabu ya Inverness ya Ohio iliwafungulia milango, na Hagen na wenzake wakaishukuru kwa kuizawadia saa kubwa ya kusimama. Wao walikuwa wanaingia. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, kilichoundwa 1916, kilikuja kuandika katika katiba yake kwamba uanachama ni wa watu wa asili ya Ulaya peke yao, na kifungu hicho kilidumu hadi 1961. Chama ndicho kilichotoa utambulisho kwa klabu zilizotafuta walimu. Mwalimu asiye na chama alibaki fundi bila cheti, jambo ambalo mafundi wengi wa Makambako waliojifunza kazi garini au kwenye reli wangelitambua mara moja.

Mfano wa Afrika Kusini unaonyesha hali ambapo hata ualimu haukupatikana. Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kama Papwa, mbeba fimbo wa Kihindi kutoka Durban aliyeshika fimbo kwa kupishanisha mikono kinyume cha kanuni zote, alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda pia mashindano ya wazi ya Natal, na kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani ya klabu, alikabidhiwa kombe nje, kwenye mvua. Baadaye alizuiwa kucheza kabisa. Ujuzi wake haukupata mrithi kwa sababu haukupata uwanja.

Kutoka Mufindi hadi Makambako

Katika Afrika Mashariki gofu ilifuata utawala na mashamba. Klabu za Nairobi, Entebbe, Dar es Salaam na Arusha zilijengwa kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika aliingia uwanjani akiwa na mkoba begani. Katika Nyanda za Juu Kusini mchezo uliota mizizi Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, si mbali na barabara inayotoka Iringa kwenda Makambako. Mpangilio ni uleule wa Shinnecock: zao, kambi ya mameneja, klabu yao, na vijana wa jirani wanaoitwa siku za mchezo. Baada ya uhuru vijana wa namna hiyo, ambao viwanjani huitwa makedi, ndio waliotoa sehemu kubwa ya wachezaji wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967. Seve Ballesteros aliyashinda 1978 na Ian Woosnam 1986. Hakuna Mkenya aliyeyashinda, ingawa Jacob Okello alimaliza wa pili nyuma ya Ricardo González wa Argentina mwaka 1998. Mahali ambapo zawadi kubwa ni za wageni, mchezaji wa kulipwa wa nyumbani hula kwa masomo anayowauzia wanachama. Hapo pia neno “kugeuka” halifai, maana amekuwa akifundisha tangu mwanzo.

Ulinganisho wenye manufaa zaidi kwa Makambako, hata hivyo, hauko viwanjani. Monson (2009) anaeleza jinsi mafundi wa Kichina wa TAZARA walivyowafundisha vijana wa Kitanzania kazini, kwa vitendo na kwa ishara pale lugha ilipokosekana, na jinsi baadhi yao walivyobaki na ujuzi huo baada ya wajenzi kuondoka. Willie Dunn alimfundisha Shippen kwa njia hiyohiyo. Lakini reli ilikuwa na mwajiri aliyehitaji mafundi wake wa kesho na ilikuwa mali ya serikali mbili zilizowatambua kama raia. Shamba la mkonge la Tanga halikuwa na haja ya kumtambua manamba kama mwalimu wa manamba mwingine, hata pale ambapo ndivyo alivyokuwa: mgeni kutoka Njombe alifundishwa kukata na kufunga majani na mwenzake aliyemtangulia, bila senti moja kuongezwa kwa somo hilo. Daftari la malipo lilihesabu vipande vya kazi. Hakuna safu ndani yake iliyoitwa mafunzo, na mwanahistoria anayelitegemea daftari hilo peke yake ataamini kwamba hayakuwepo.

Shady Rest

Mwaka 1921 kundi la Wamarekani Weusi lilichukua klabu iliyokuwa ya Weupe katika mji wa Scotch Plains, New Jersey, na kuipa jina la Shady Rest. Ilikuwa na mashimo tisa, viwanja vya tenisi na ukumbi ambamo baadaye Duke Ellington na Count Basie walipiga muziki. Shippen alijiunga nayo mapema miaka ya 1930 akiwa amevuka miaka 50. Alikuwa mwalimu wake, mtunza nyasi wake na mtengeneza fimbo wake, kazi zote tatu kwa pamoja kama mafundi wa Uskoti wa siku za Robertson, na alibaki hapo hadi 1964. Hakuna klabu nyingine iliyomweka kwa muda unaokaribia huo. Kwa mara ya kwanza waliomlipa walikuwa watu ambao wangeweza kuketi naye mezani, na wanafunzi wake walikuwa watoto ambao siku moja wangeweza kuitwa mafundi wenyewe.

Alifariki mwaka 1968. Chama cha wachezaji wa kulipwa kilimpa uanachama mwaka 2009.

Ndugu yake Cyrus alichagua njia nyingine: alihitimu Chuo Kikuu cha Yale na akawa mwalimu wa shule mjini Washington, ualimu wa ubao na chaki ambao baba yao mchungaji angeutambua bila kuelezwa, kama ambavyo wazee wa misheni ya Kidugala wangeutambua. John alikuwa ameiacha shule kwa ajili ya fimbo. Alipoulizwa uzeeni kuhusu uamuzi huo alikiri kwamba wakati mwingine alijiuliza kama hakukosea kutomfuata ndugu yake Yale, na kwamba swali hilo lilimkaa mpaka alipotazama nje ya dirisha na kuuona uwanja.